Kukadiria uhai wa mgonjwa wa saratani ya ini kwa vipimo vya damu: ninavyofanya, hatua kwa hatua

Mgonjwa wa saratani ya ini huwa na maradhi mawili kwa pamoja: uvimbe, na ini lililokwisha kuchoka kabla ya uvimbe kuota, kwetu mara nyingi kwa sababu ya homa ya ini B. Picha ya CT huonyesha uvimbe vizuri. Hali ya ini lenyewe, na jinsi mwili unavyokabiliana na uvimbe huo, husomwa kwenye damu. Nimewaandikia madaktari na matabibu wenzangu wenye wagonjwa walio karibu kuanza tiba, iwe upasuaji, kuzibwa mshipa unaolisha uvimbe, au vidonge kama sorafenib. Vipimo ninavyotumia ni vya kawaida, na vingi vimo tayari kwenye faili.

Hatua ya 1: Chagua damu ya siku gani

Chukua damu ya siku chache kabla ya tiba. Iliyochukuliwa baada ya kuzibwa mshipa haifai kwa kazi hii, kwa sababu ini linakuwa limejeruhiwa na bilirubini (rangi ya manjano ambayo ini huiondoa kwenye damu) hupanda kwa muda. Ukiona homa, pima malaria, itibu, kisha subiri mgonjwa atulie. Uliza kama amewekewa dripu ya albumini (protini ya damu inayotengenezwa na ini) au amepewa deksamethazoni (dawa ya steroidi), maana zote hubadilisha vipimo. Uliza pia dawa za VVU: atazanavir hupandisha bilirubini huku ini likiwa halina tatizo jipya. Mwenye selimundu naye bilirubini yake hupanda kwa sababu ya chembe nyekundu zinazovunjika. Maswali haya ni ya dakika tano tu, lakini bila majibu yake hesabu zote zinazofuata hazina msingi.

Hatua ya 2: Hakiki vizio

Usiruke hapa. Bilirubini lazima iwe kwa mikromoli kwa lita. Ikiwa imeandikwa kwa miligramu kwa desilita, zidisha kwa 17.1. Albumini iwe kwa gramu kwa lita. Ikiwa ni gramu kwa desilita, zidisha kwa 10. AFP (protini ambayo uvimbe wa ini mara nyingi huitoa kwenye damu) ikija kwa yuniti za kimataifa kwa mililita, zidisha kwa 1.21 upate nanogramu kwa mililita.

Hatua ya 3: Kokotoa ALBI

Fomula hii ya kupima nguvu ya ini ilichapishwa mwaka 2015 na Philip Johnson na wenzake, nayo hutumia albumini na bilirubini peke yake. Chukua bilirubini, bonyeza kitufe cha log kwenye kikokotoo, zidisha kwa 0.66. Kisha zidisha albumini kwa 0.085, na utoe jibu hilo kutoka kwenye lile la kwanza. Jibu likiwa -2.60 au chini yake, ni daraja la 1, ini bado lina nguvu. Likizidi -2.60 lakini lisizidi -1.39, ni daraja la 2. Likizidi hapo, daraja la 3.

Tuseme mama mmoja ana bilirubini miligramu 1.4 kwa desilita na albumini gramu 3.4 kwa desilita. Baada ya kubadilisha ni 24 na 34. Log ya 24 ni 1.38, mara 0.66 ni 0.91. Toa 2.89 (yaani 34 mara 0.085), unapata -1.98. Daraja la 2.

Sasa tazama vizio vikikosewa. Ukiingiza 1.4 na 3.4 kama zilivyo, jibu ni -0.19, daraja la 3, na mama huyu anaweza kunyimwa tiba aliyostahili. Ukibadilisha albumini ukasahau bilirubini, jibu ni -2.79, daraja la 1, na anaweza kupelekwa kwenye tiba ambayo ini lake halitaihimili. Damu ni ileile, mgonjwa ni yuleyule. Kosa hili nimewahi kulifanya mwanzoni mwa kazi, likakamatwa na muuguzi aliyesoma karatasi ya maabara upya. Tangu hapo naandika kizio pembeni ya kila namba.

Hatua ya 4: Gawanya nyutrofili kwa limfosaiti

Hizi ni aina mbili za chembe nyeupe za damu, na uwiano wake huitwa NLR. Unaweza kutumia idadi au asilimia, jibu halibadiliki: 4.5 kwa 1.5 ni 3. Uwiano mkubwa kabla ya tiba huambatana na uhai mfupi. Tafiti nyingi huweka mpaka kwenye 3 au 5. Hapa natahadharisha. Waafrika wengi wa kusini mwa Sahara wana nyutrofili chache kiasili, kutokana na jeni ya Duffy, wala si ugonjwa. Mipaka iliyopatikana kwa wagonjwa wa Asia na Ulaya inaweza kutupa faraja isiyo ya kweli. Kwa upande mwingine, malaria na VVU hupunguza limfosaiti na kupandisha uwiano. Mimi NLR huiacha iunge mkono vipimo vingine. Haiamui peke yake.

Hatua ya 5: Ongeza AFP na CRP

AFP ya nanogramu 400 na zaidi ni dalili ya uvimbe mkali. Lakini wagonjwa wengi hawapandishi AFP kabisa, hivyo namba ndogo isikutulize. Kwa wanaopewa dawa za kuamsha kinga ipo alama ya CRAFITY ya mwaka 2022: AFP kuanzia 100 ni pointi moja, CRP (protini ya damu inayopanda mwili ukiwa na uchochezi) kuanzia miligramu 10 kwa lita ni pointi nyingine. Mwenye 0 ana matarajio mazuri kuliko mwenye 2. Kumbuka CRP hupanda kwa maambukizi yoyote.

Hatua ya 6: Rudi kwa mgonjwa

Weka matokeo kando ya Child-Pugh (alama nyingine ya kupima jinsi ini lilivyoharibika), ukubwa wa uvimbe, hali ya mshipa mkuu wa ini, na uwezo wa mgonjwa kujihudumia. Mwenye daraja la 1 ambaye uvimbe umeingia mshipani bado yuko hatarini.

Hatua ya 7: Pima tena

Uvimbe ukiondolewa wote, AFP hupungua kwa nusu kila siku 5 hadi 7. Ikikwama juu, tafuta mabaki. ALBI nayo irudiwe kabla ya kila mzunguko wa kuziba mshipa, kwani kila mzunguko hulila ini kidogo.

Hatua ya 8: Sema na familia

Alama hizi zimetokana na makundi ya watu. Haziwezi kutaja mwezi atakaofariki mzee aliyeketi mbele yako. Mtoto wake akiniuliza, "Daktari, baba ana muda gani?", simtajii miezi. Namwambia kama ini lina nguvu ya kubeba tiba au halina, tutapima tena lini, na dalili gani zikitokea wamlete hata usiku: macho kuwa njano zaidi, tumbo kujaa, kuchanganyikiwa, kutapika damu.