Venye unaweza kusoma ripoti ya maji ya kisima chako Nairobi, kuanzia kwa mwamba

Shangazi yangu wa Rongai alinitumia picha kwa WhatsApp, ripoti ya maabara ya kisima chao, kile cha kuchimbwa na mashine mita 240 kwenda chini, alafu akaandika tu, "Hebu niambie mwanangu, tunakunywa ama hatunywi?" Karatasi ilikuwa na namba kama 18 hivi na mbele ya kila moja alama ya kupita ama kuanguka, na watu wengi huangalia hizo alama wakafunga karatasi. Kazi yangu mimi ni kuzunguka na chupa nikichukua sampuli za maji, visima, chemchemi, saa zingine mpaka Naivasha, na hii kitu inaniuma kwa sababu hizo namba zimelipiwa pesa nyingi na zinasema mengi kuliko alama. Ukizisoma kwa pamoja, si moja moja, unajua maji yalipita kwa mwamba gani na yamebeba nini kutoka huko.

Anza na mwamba wenyewe. Kama umewahi kujenga hapa unajua mawe ya Njiru, meusi na magumu, na mawe ya Ndarugo ambayo ni laini mpaka yanakatwa na mashine. Chukua kipande cha kila moja kikavu ukidondoshee maji. Kwa lile la Njiru tone linakaa juu linang'aa, kwa la Ndarugo linanyonywa ukiangalia. Chini ya Nairobi ndo hivyo hivyo, volkano juu ya volkano: fonolaiti na trakaiti, yaani lava ngumu iliyopoa, ambazo maji hupita kwa nyufa pekee, alafu katikati kuna majivu ya volkano yaliyoshikana na mashapo ya zamani, zile tabaka zinaitwa za Athi, na hizo ndizo zinabeba maji mengi. Mvua inanyesha upande wa juu huko Kikuyu na Ngong, inazama, inasonga pole pole kuelekea mashariki.

Njiani kuna kazi inafanyika. Maji yakipita kwa udongo yanabeba kaboni dayoksaidi inayotoka kwa mizizi na vijidudu, yanakuwa asidi dhaifu, na hiyo asidi inakula feldispa, madini yaliyojaa kwa hii miamba, na kioo cha volkano, yaani lava iliyopoa haraka ikawa kama glasi. Feldispa inabaki kama udongo wa mfinyanzi, sodiamu na potasiamu na silika (ile ya mchanga na glasi) zinaingia kwa maji, asidi nayo inaishia kuwa bikabonati. Miamba yetu ina sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo. Ndio maana ukioga na maji ya visima vingi vya huku unahisi utelezi hata baada ya kusuuza sabuni, na githeri inaiva mapema, kwa sababu kwa chemia hayo maji ni ndugu ya ile magadi watu hutia kwa sufuria.

Sasa sampuli, na hapa ndo watu wengi huharibu. Usichote kwa tangi. Chota kwa mdomo wa kisima baada ya pampu kukimbia mpaka maji yaliyokuwa yamelala kwa bomba yatoke yote, mara 3 ya ujazo wa kisima ni kipimo kizuri, lakini kipimo kizuri zaidi ni kuangalia joto, pH (kipimo cha asidi) na kondaktiviti (vile maji yanapitisha umeme) mpaka ziache kubadilika. pH na joto zipime hapo hapo. Tumia chupa ya plastiki kwa floraidi, suuza mara 3 na maji yenyewe, jaza mpaka juu kabisa bila hewa, weka kwa kibaridi chenye barafu. Maji ya kupima metali yanachujwa na kutiwa asidi ya naitriki kidogo, chupa yake maabara watakupatia ikiwa tayari. Mwaka mmoja nilichukua sampuli lakini chupa nikaacha na nafasi ya hewa, alafu nikakwama kwa jam ya Mombasa Road masaa matatu jua likiwaka, kufika maabara pH ilikuwa imetoka 7.4 ikafika 8.1 kwa sababu gesi ilikuwa imetoroka, na ilibidi nirudi kuchukua ingine. Tangu siku hiyo siachi hewa kwa chupa.

Ripoti ikirudi, kabla ya kuamini chochote, fanya hesabu moja. Maji kwa ujumla hayawezi kuwa na chaji ya umeme, kwa hivyo vitu vya chaji chanya na vya chaji hasi lazima vikaribie kulingana. Gawanya kila namba ya miligramu kwa lita hivi: sodiamu kwa 23, potasiamu kwa 39, kalsiamu kwa 20, magnesiamu kwa 12, bikabonati kwa 61, kloraidi kwa 35.5, salfeti kwa 48, floraidi kwa 19, naitreti kwa 62. Ya shangazi ilikuwa sodiamu 138, hiyo ni 6.0, potasiamu 11.7 ni 0.3, kalsiamu 8 ni 0.4, magnesiamu 2.4 ni 0.2, jumla 6.9. Upande wa pili bikabonati 305 ni 5.0, kloraidi 35.5 ni 1.0, salfeti 24 ni 0.5, floraidi 3.8 ni 0.2, naitreti karibu hakuna, jumla 6.7. Tofauti ni 0.2, ukigawanya na jumla ya zote 13.6 unapata kama asilimia 1.5. Ikiwa ndani ya 5 ni sawa, ikizidi 10 rudisha hiyo ripoti uombe wapime tena, usione haya. Pia zidisha ile 6.9 na 100, unapata 690, na kondaktiviti kwa karatasi inafaa kukaribia hapo. Kama maabara haijaandika bikabonati bali alkaliniti (vile maji yanaweza kuzima asidi) kwa hesabu ya kalsiamu kabonati, zidisha na 1.22.

Hebu angalia tena hizo namba. Sodiamu juu, bikabonati juu, kalsiamu chini. Maji ya aina hii yamekaa na mwamba muda wa kutosha, udongo wa mfinyanzi umechukua kalsiamu ukatoa sodiamu, na kalsiamu ingine imeganda kama chokaa huko huko chini. Watu hufurahi kuona kalsiamu iko chini, ati maji si magumu, birika haitashika ukoko. Lakini kalsiamu ndiyo askari wa floraidi. Zikikutana nyingi zinashikana zinakuwa jiwe linaitwa floraiti na zinatoka kwa maji. Kwa hesabu ya haraka, maji yenye kalsiamu 100 yanazuia floraidi isipite karibu 2, lakini kalsiamu ikishuka mpaka 8 floraidi inaweza kupanda mpaka karibu 7 kabla ya chochote kuizuia. Kioo cha volkano kinazidi kuitoa, na pH ikipanda hata ile iliyokuwa imeshikwa na udongo inaachiliwa. Kwa hivyo 3.8 ya shangazi haikunishangaza hata kidogo, nilikuwa nimeikisia kabla ya kufika kwa huo mstari. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani na cha Kenya ni 1.5.

Hapa sitaki mtu apite haraka. Floraidi haina rangi, haina harufu, haina ladha. Kuchemsha hakuitoi, ukichemsha maji yanapungua na floraidi inabaki yote, kwa hivyo unaiongeza nguvu. Wanaoumia kwanza ni watoto chini ya miaka 8, meno yao ya kudumu yakiwa bado yanatengenezwa ndani ya ufizi, na yakitoka na madoa ya kahawia hayafutiki na mswaki wowote. Watu wazima wakinywa kiwango cha juu sana miaka mingi, mifupa na viungo vinakakamaa. Cha kufanya: maji ya kunywa, ya chai na ya uji yawe ya mvua ama ya mfereji, ya kisima yabaki ya kufua na kuoga. Ama changanya, lakini baada ya kupima floraidi ya pande zote mbili. Mashine ya kuchuja kwa utando inaitoa vizuri ila inamwaga maji mengi. Mkaa wa mifupa pia unafanya kazi kabisa, Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru imefanya nao kazi miaka mingi, ila huo mkaa unachoka, lazima upime maji yanayotoka kila baada ya miezi kadhaa ujue saa ya kuubadilisha.

Naitreti ni hadithi ingine. Mwamba wa volkano karibu hauna naitreti, kwa hivyo ukiiona imepanda, na kloraidi imepanda pamoja nayo, usilaumu jiwe, tafuta choo, tangi la maji taka ama mbolea karibu na kisima. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni 50, lakini angalia maabara imeandika vipi, wengine huandika kama naitrojeni peke yake na hapo 50 inakuwa kama 11.

Silika ndio mstari watu huruka na mimi ndio naupenda kuliko yote. Huko Olkaria karibu na Naivasha, ambako umeme unatolewa kwa mvuke wa ardhini na mtambo wa kwanza ulianza 1981, silika inatumika kama kipimajoto. Maji ya moto sana yanayeyusha kwatzi, madini ya silika, zaidi, kwa hivyo ukijua silika unakisia joto la huko chini: chukua logi (ya 10) ya silika, itoe kwa 5.19, gawanya 1309 na hiyo, alafu toa 273. Silika ya 500 inakupa karibu nyuzi 252. Maji hayo yakipanda na kupoa silika inaganda kwa mabomba, na hiyo ni kazi kubwa ya wahandisi wa mvuke. Sasa silika ya shangazi ilikuwa 60, ukiiweka kwa hesabu hiyo unapata karibu nyuzi 110, na maji yake yanatoka yakiwa 26. Hakuna moto wowote chini ya Rongai wa kukimbilia. Hesabu inadhani silika imetoka kwa kwatzi, kumbe yetu imetoka kwa kioo cha volkano ambacho kinayeyuka kirahisi hata kwa baridi. Nyumbani jaribu hivi: kwangua ukoko wa birika, utie siki. Ukitoa povu ni chokaa, ukikaa kimya kuna uwezekano mkubwa ni silika.

Na ile kazi ya asidi kula mwamba, Aisilandi wameitumia kuzika hewa chafu. Huko Hellisheiði 2012 waliyeyusha kaboni dayoksaidi kwa maji wakaisukuma ndani ya basalti, mwamba mweusi wa volkano, na ndani ya miaka 2 zaidi ya asilimia 95 ilikuwa imegeuka jiwe. Ni kaboni ile ile na maji, ila wao wana basalti yenye kalsiamu ya kuishika.

Shangazi ameshaweka tangi la mvua la lita 5,000 upande wa jikoni. Kisima tutachukua sampuli tena Februari, kabla ya masika, kwa sababu kiangazi maji ya juu yakipungua pampu inavuta zaidi kutoka chini na floraidi inaweza kubadilika. Jirani yake anachimba mwezi ujao, na nimemwomba amwambie mchimbaji aweke mawe yanayotoka kila mita 2 kwa mifuko, aandike kina juu ya kila mfuko na kalamu isiyofutika.