Kuhifadhi Kidijitali Picha na Nyaraka za Familia Yenye Asili ya Hungaria

Mtu anayerithi kasha la picha za wazee wake mara nyingi hukimbilia nyuso akasahau migongo ya picha. Kwa familia zilizotawanyika baada ya mapinduzi ya Hungaria ya mwaka 1956, ambapo watu wapatao 200,000 waliikimbia nchi, penseli iliyofifia nyuma ya picha huenda ndiyo shahidi pekee wa jina na mahali. Kwa hiyo kila picha ipitishwe kwenye skana pande zote mbili, hata kama nyuma pana mhuri wa studio tu.

Kazi hii ni bora ifanyike wakati wa kipupwe, kwa kuwa unyevu wa masika ya Dar es Salaam huotesha kuvu na kuzifanya picha zishikane. Shika picha pembeni kwa mikono mikavu. Zilizogandamana na kurasa za albamu zenye gundi zisibanduliwe kwa nguvu. Skani ukurasa mzima kama ulivyo. Wala usikubali kuzifanyia laminesheni, mazoea tuliyoyapata kwa vyeti vya shule, kwa sababu madhara ya joto na gundi yake hayaondoki tena.

Picha za karatasi zinatosha kuskaniwa kwa nukta 600 kwa inchi (dpi kwenye skana), barua na vyeti kwa 300, ilhali negativu za milimita 35 zinahitaji 2400 au zaidi. Nakala kuu iwe TIFF, aina ya faili inayotunza ubora wote, na ya kugawa iwe JPEG, iliyo nyepesi zaidi. Ndugu walioko ng'ambo wakikutumia picha kwa WhatsApp, waombe wazitume kama dokumenti, la sivyo zitafika zimebanwa na kupungua ubora.

Sehemu inayodai subira zaidi ni kuandika maelezo ya kila picha kwenye jedwali. Wahungaria hutanguliza jina la ukoo, kwa hiyo katika Kovács János, Kovács ndilo la ukoo, na Kovács Jánosné si mtu wa familia nyingine bali ni mke wake. Bila kulijua hilo, bibi mmoja anaweza kugeuka watu wawili katika jedwali lako. Tarehe nazo huanza na mwaka, na mwezi pengine huandikwa kwa tarakimu za Kirumi: 1957. III. 12. Miji iliyotoka mikononi mwa Hungaria kwa Mkataba wa Trianon wa 1920 iandikwe kwa majina yote mawili, kama Kolozsvár, ambayo leo ni Cluj-Napoca nchini Romania. Alama za herufi ő na ű zihifadhiwe kwenye jedwali, lakini faili lenyewe lipewe jina jepesi, mfano 1957-03-12_Szeged_harusi_nyuma. Lisilojulikana liachwe wazi. Kukisia ni kuwadanganya wajukuu.

Weka nakala tatu: kwenye kompyuta, kwenye diski ya nje, na ya tatu mbali na nyumbani, iwe kwa ndugu wa mji mwingine au kwenye hifadhi ya mtandaoni. Umeme ukikatika katikati ya kunakili, rudia kazi yote na ufungue faili kadhaa kuhakikisha zimefika salama. Picha zenyewe zirudi katika bahasha za karatasi isiyo na asidi, ndani ya boksi lililoinuliwa kutoka sakafuni, mbali na ukuta wa bafu.