Namna ya Kuchagua Ndege wa Kufuga Nyumbani

Kabla ya kwenda kumtazama ndege yeyote, tumieni wiki moja kuitazama nyumba yenu wenyewe. Andikeni kwenye karatasi ni nani anayekuwapo asubuhi, mchana na jioni, taa huzimwa saa ngapi, ni nani mwenye pumu au mzio, kama kuna paka au mbwa, na kama jirani yuko upande wa pili wa ukuta. Karatasi hiyo itawaongoza vizuri kuliko rangi ya manyoya, kwa kuwa spishi za ndege hutofautiana sana katika mambo matatu ambayo familia haiwezi kuyarekebisha baadaye: miaka wanayoishi, muda wanaohitaji kuwa na wenzao au na watu, na sauti wanayotoa.

Naanza na miaka kwa sababu ndiyo inayosahauliwa zaidi. Finchi mwenye milia, ndege mdogo wa Australia mla mbegu mwenye mdomo mwekundu, kwa kawaida huishi miaka 5 hadi 7. Bajerigari, yaani yule kasuku mdogo wa Australia mwenye mkia mrefu, huishi miaka 5 hadi 10, na kanari, ndege mdogo mwimbaji, hukaribia 10. Kokatieli, ambaye ni jamaa mdogo wa kakatua (kasuku wakubwa wenye kishungi), naye ana kishungi na mashavu ya rangi ya machungwa, hufikisha miaka 15 hadi 20 akitunzwa vema, ilhali kasuku wa kijivu wa Afrika anaweza kuishi miaka 40 na zaidi. Mtoto wa miaka 10 anayepewa kokatieli leo huenda akawa ameshahama kwenda kusoma au kufanya kazi wakati ndege huyo yu hai bado, na mzazi ndiye atakayebaki na kazi ya kubadilisha maji kila asubuhi. Kwa hiyo naona ni haki kwa mtoto na kwa ndege kwamba mtu mzima mmoja akubali tangu mwanzo kuwa mfugaji mkuu, na mtoto awe msaidizi wake.

Ndege wa jamii ya kasuku huishi kwa makundi porini, na upweke huwaumiza kwelikweli. Akiachwa peke yake kutwa nzima, kasuku huanza kupiga kelele bila kukoma, au hujinyonyoa manyoya mpaka ngozi ikaonekana, na tabia hiyo ikishajengeka ni vigumu kuiondoa. Ikiwa karatasi yenu inaonyesha kwamba nyumba huwa tupu tangu asubuhi hadi jioni, yapo mambo mawili ya kufanya. La kwanza ni kuchukua bajerigari wawili badala ya mmoja, mkijua kwamba wataliwazana wao kwa wao na huenda wasiwazoee watu haraka. La pili ni kuchukua finchi, ambao hufugwa angalau wawili, hupenda kuonwa kuliko kushikwa, na hawadai chochote kwa binadamu zaidi ya chakula, maji, usafi na nafasi ya kuruka. Kanari ni tofauti na hao: dume huweza kukaa peke yake, tena madume wawili wakiwekwa pamoja hugombana. Anayemtaka kanari kwa ajili ya wimbo wake ajue kwamba dume ndiye mwimbaji, na kwamba hata yeye hunyamaza kwa wiki kadhaa kila mwaka anapopukutisha manyoya.

Kuhusu sauti, msidanganywe na ukimya wa dukani adhuhuri. Jamii ya kasuku hupaza sauti hasa alfajiri na jua linapokaribia kutua, kwa hiyo ombeni kumtembelea mfugaji wa spishi mnayoitaka katika saa hizo. Bajerigari hupigapiga soga ya chini kutwa nzima na watu wengi huizoea. Kokatieli hupiga miluzi, naye akikosa kumwona mtu wake huita kwa nguvu. Cherero, kasuku mdogo wa Afrika mwenye mkia mfupi, ana sauti kali inayochoma masikio ingawa umbo lake ni dogo. Kakatua mkubwa husikika nyumba kadhaa mbali, na sioni namna ambavyo familia yenye majirani wa karibu inaweza kumfuga kwa amani.

Umri wa watoto una uzito wake pia. Ndege hana kiwambo, yaani msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, kama cha mamalia; huvuta hewa kwa kupanua kifua na kusogeza mfupa wa kidari, hivyo mtoto anayembana kiganjani, hata kwa mapenzi, anaweza kumzuia kupumua akafa papo hapo bila jeraha lolote kuonekana. Kwa nyumba yenye watoto walio chini ya miaka 6 au 7 ningependekeza finchi au kanari, ambao furaha yao ni kutazamwa na kusikilizwa. Watoto wakubwa zaidi, wanaoweza kukaa wametulia na kunyoosha kidole kimoja ndege akipande mwenyewe, watapata rafiki mzuri kwa bajerigari au kokatieli. Cherero ni mzuri wa sura na mcheshi, lakini hulinda tundu lake kwa ukali, huuma kwa nguvu, na hapaswi kuchanganywa na bajerigari, kwa sababu anaweza kuwajeruhi vibaya. Binafsi nasita kumpendekeza awe ndege wa kwanza wa familia.

Turudi kwenye safu ya pumu na mzio. Kokatieli, kakatua na kasuku wa kijivu hutoa unga mweupe mwembamba kutoka kwenye manyoya yao, unga unaotua juu ya meza na kuelea hewani, na kwa mtu mwenye mapafu dhaifu jambo hili peke yake latosha kuamua. Mwenye shida hiyo azungumze kwanza na daktari wake, kisha akae saa moja mahali penye ndege wa aina hiyo kabla ya kuleta mmoja nyumbani. Upo pia ugonjwa uitwao homa ya kasuku, unaosababishwa na bakteria na kuenea kwa vumbi la kinyesi kilichokauka. Hutibika kwa dawa za viuavijasumu, ila daktari lazima aambiwe kwamba mgonjwa anaishi na ndege. Jikoni napo pana hatari isiyojulikana na wengi: vikaango visivyoshika chakula, vyenye utando wa PTFE, vikipashwa moto kupita kiasi hutoa mvuke unaoweza kumuua ndege ndani ya muda mfupi hata akiwa chumba kingine. Familia isiyokuwa tayari kuacha vyombo hivyo isifuge ndege ndani ya nyumba.

Juu ya kasuku wa kijivu nasema wazi kwamba familia inayoanza isimchague. Akili yake ni ya ajabu, lakini akili hiyo hudai kazi, michezo na watu kila siku kwa miongo mingi. Isitoshe, biashara ya kuwakamata porini imewamaliza katika sehemu nyingi za Afrika, hata mwaka 2016, katika mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliofanyika Johannesburg, spishi hii ikaingizwa kwenye Kiambatisho cha I, ambacho huzuia biashara ya kimataifa ya ndege waliotoka porini. Kwa spishi yoyote ile, mnunue ndege aliyezaliwa kwa mfugaji tu, na muulize kama ana pete nzima isiyofunguka mguuni. Pete ya namna hiyo huvishwa kinda akiwa na siku chache tu, kwani mguu ukishakua haipiti tena. Zipo pia sheria za wanyamapori za nchi mnayoishi, ambazo zinaweza kukataza hata ndege wa kawaida wa porini, kwa hiyo zitazameni kabla ya kulipa chochote.

Mkishakubaliana juu ya spishi, mtafuteni daktari wa mifugo anayetibu ndege kabla hamjamtafuta ndege mwenyewe. Ndege huficha ugonjwa ili asionekane dhaifu, na anayeonekana mgonjwa kwa kawaida ameugua muda mrefu. Mzima husimama imara juu ya kijiti, macho yake maangavu, pua kavu, manyoya ya chini ya mkia masafi. Anayekaa sakafuni mwa tundu akiwa amejitutumua, au ambaye mkia wake hupanda na kushuka kwa kila pumzi, mwacheni, hata moyo ukiwavuta kumwonea huruma. Ulizeni pia anakula nini, kwa sababu ndege aliyelelewa kwa mbegu tupu hukosa vitamini A na huchukua muda kujifunza kula mboga za majani. Parachichi asipewe kamwe, kwa kuwa ni sumu kwake.

Tundu liwe refu kwa upana kuliko kwa kimo, maana ndege huruka kwenda mbele, na mianya kati ya nyaya isizidi sentimita 1.2 kwa finchi na bajerigari, wasije wakanasa vichwa. Kama nyumbani kuna ndege tayari, mgeni akae chumba cha peke yake siku 30. Tundu likiwa tayari, liwekeni kwenye kona ya chumba ambacho watu hukaa, mbali na jiko na jua kali, nanyi mwacheni ndege siku mbili tatu za kwanza ale na kutazama, mkizungumza naye kwa sauti ya chini bila kuingiza mkono ndani, hadi atakapoanza kula mbele yenu bila kushtuka.