Jinsi ya kuitazama Nausicaä usije ukaishia kuona wadudu tu

Kwanza kabisa angalia urefu wa faili. Filamu hii ya katuni ya Hayao Miyazaki, iliyotoka Japani Machi 1984, ina dakika 117. Kama unajaziwa muvi kwenye flashi ukakuta ni dakika tisini na kitu, mrudishie mwenyewe. Mwaka 1985 ilitoka Marekani ikiwa imekatwa zaidi ya dakika 20 na kupewa jina la Warriors of the Wind, na kilichobaki kikawa vita vya watu na madude. Toleo la Kiingereza la 2005 limekamilika, na Patrick Stewart, kwa sauti yake, anamtendea haki mzee Yupa, mpiganaji wa upanga na mlezi wa Nausicaä. Mimi bado nakushauri usikilize Kijapani huku ukisoma maandishi ya chini, kwa sababu sauti ya Sumi Shimamoto akiwa Nausicaä, binti mfalme wa Bonde la Upepo, hupanda na kushuka ndani ya sentensi moja, na mwendo wa msichana huyu uko humo.

Usihangaike kukariri falme. Inatosha kujua kwamba miaka elfu moja imepita tangu Siku Saba za Moto, majitu ya kivita yaliteketeza miji, na sasa msitu wa kuvu wenye sumu unazidi kumeza ardhi. Ndani yake wanaishi Ohmu, wadudu wakubwa kuliko nyumba, macho ya buluu wakitulia, mekundu wakikasirika. Binadamu akiingia bila barakoa, haponi.

Sasa kazi yenyewe. Acha kutafuta mbaya ni nani. Kila anapoingia mtu, jiulize anaogopa nini, na hofu hiyo anaipeleka wapi. Anzia kwa Teto, kile kinyama nusu mbweha nusu kindi. Kinamng'ata Nausicaä kidole. Hauvuti mkono. Anakaza uso kidogo tu, anakiambia hakuna cha kuogopa, anasubiri mpaka kinaachia na kuanza kulamba damu. Rudisha nyuma uitazame tena, safari hii usitazame mnyama, tazama uso wake yeye.

Kisha subiri askari wa Tolmekia, ufalme wa kivita, watue Bondeni na kumuua baba yake, mgonjwa wa kitandani. Msichana yule yule anashika silaha na kuua watu, mmoja baada ya mwingine, mpaka Yupa anaingia katikati na kuzuia upanga wake kwa mkono wake mwenyewe, damu ikichuruzika. Hapo bonyeza kitufe cha kusimamisha. Mpwa wangu wa kidato cha pili alishangilia, nikamwacha kwanza. Nilimgeukia baadaye, Nausicaä alipokuwa analia chini ya ngome, akimwambia Yupa kwamba anajiogopa mwenyewe, hataki kuua tena. Dogo akanyamaza. Wanaomsimulia Nausicaä kama malaika huwa wameliruka eneo hili.

Na huko huko chini ya ngome usikimbilie machozi ukasahau mimea. Ni ya ule msitu wa sumu, ila hapo inamwagiliwa maji safi ya kisima kirefu na haimdhuru mtu. Maana yake sumu imo kwenye udongo, na walioitia ni watu. Miyazaki amewahi kuitaja ghuba ya Minamata, huko Japani, ambako zebaki ya kiwanda iliingia baharini na kuwalemaza wakazi. Ugonjwa ule ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Watu walipoacha kuvua, samaki waliongezeka tena.

Kushana, binti mfalme anayewaongoza askari wa Tolmekia, mtazame mkono. Ni wa chuma, wadudu walichukua wa nyama, na ndiyo sababu anataka kuuchoma msitu. Wapejite, watu wa nchi jirani ya Pejite, nao nchi yao imevamiwa na Tolmekia, wanatia huruma kweli, halafu wanamtesa mtoto wa Ohmu na kumning'iniza hewani ili kundi zima liwafuate na kulikanyaga Bonde. Lakini wanawake wa Pejite hao hao ndio wanaomtorosha Nausicaä. Mimi naona hapo ndipo filamu inapokuwa na akili kuliko nyingi za aina yake.

Kwa watoto, chini ya miaka kumi ningesubiri: jitu linaloyeyuka huku likitema moto linatisha, na kilio cha yule mtoto wa Ohmu ni kibaya zaidi.

Mwisho wake ni mzuri kwa macho ila kwangu ni mwepesi mno, muujiza unafanya kazi ambayo watu walipaswa kuifanya. Hata hivyo usizime majina yanapoanza kupita, kuna picha bado zinakuja.

Ukiipenda, tafuta kitabu chake cha katuni, alichokianza Miyazaki mwenyewe mwaka 1982 na kukimaliza 1994, juzuu saba. Filamu imechukua mwanzo tu, tena imebadilisha mengi, kwa hiyo anza juzuu ya kwanza, usidhani unaweza kudakia pale filamu ilipoishia. Kushana wa kitabuni ni mtu mwingine kabisa.