Anayumba kama mlevi na pombe hajaigusa? Mjaribu hivi nyumbani

Ami yangu mmoja wa Wete alikuwa mkwezi, minazi ya mtaa mzima kaikwea yeye. Basi ghafla akaanza kuyumba njiani, miguu kaitanua kama mtu alosimama ndani ya ngalawa, na watu wakaanza kunong'ona ati mzee kaanza kunywa. Mtu ambae hata soda inamjaza gesi! Kumbe shida ilikuwa kisogoni, kwenye serebelamu, yaani ubongo mdogo.

Huo ubongo mdogo ni kama fungu moja la kumi tu la ubongo wote, lakini seli za neva zimerundikana humo, kiasi bilioni 69 katika bilioni 86. Na hauanzishi mwendo. Amri ya kunyanyua mkono inatoka ubongo mkubwa, huu mdogo unapewa kopi ya amri, huku misuli na viungo na sikio la ndani vinauletea habari mwili upo vipi saa hii, unalinganisha, pakienda kombo unarekebisha hata wewe hujajua. Kama mshika usukani wa dau vile, upepo ndo unosukuma chombo, yeye anakipinda kidogo kidogo kisende mrama. Na pombe inapiga palepale, ndo maana mgonjwa na mlevi wanafanana.

Haya, mkalishe kitini. Weka kidole chako mbele yake, pale mkono wake utapofika ukinyooka. Aguse pua yake, aguse kidole chako, arudi puani, mara tano sita, na wewe unakihamisha kidole. Usitazame anavoanza, tazama anavotua. Alo mzima anatua palepale, mwenye tatizo anapitiliza au anaishia njiani, na mkono unatetemeka zaidi kila akikaribia, wakati ukiwa juu ya paja ulikuwa kimya kabisa. Mkono wa kulia peke yake, wa kushoto peke yake, maana ubongo mkubwa unaendesha upande wa pili wa mwili lakini huu mdogo unaendesha upande wake wenyewe, kwa hio mkono wa kulia ukikosea unashuku kulia.

Halafu apige paja kwa kiganja, ageuze apige kwa mgongo wa mkono, haraka haraka. Ukisikia mapigo hayana mpango, mara mazito mara yamekwama, ishike hio.

Kutembea ndo kunasema zaidi. Avue ndara, asitembee juu ya mkeka atateleza, afate mstari wa marumaru kisigino kigusane na vidole vya mguu wa nyuma, hatua kumi. Wewe uwe ubavuni tayari kumdaka, tafadhali, usikae mbali unarikodi na simu.

Hapa pa mwisho wengi wanapakosea. Asimame miguu pamoja, macho wazi. Akiyumba hapo hapo basi ubongo mdogo unashukiwa. Lakini akiwa sawa mpaka afumbe macho ndo ayumbe, hio mara nyingi ni mishipa ya fahamu ya miguu, mfano ilioharibiwa na sukari, au sikio la ndani. Ni ugonjwa mwengine huo.

Kama unataka kuuona ubongo mdogo wako ukifanya kazi, shika simu imetulia utikise kichwa kushoto kulia huku unasoma meseji, utaisoma. Sasa tuliza kichwa, itikise simu kwa kasi ile ile. Huoni kitu! Kichwa kikitikisika, sikio la ndani linayaambia macho yarudi upande wa pili, na kipimo cha kurudi kinasawazishwa na ubongo mdogo.

Haya yote ya kukupa picha tu, daktari ndo atakaejua sababu. Nenda na dawa zake zote, kuna dawa za kifafa zikizidi damuni zinayumbisha hivi hivi. Ila ikimjia ghafla, kizunguzungu kikali, anatapika, hawezi kusimama, hapo usijaribu chochote wala usingoje asubuhi, inaweza kuwa kiharusi. Mbebeni hospitali, Abdalla Mzee mkiwa Pemba upande wa Mkoani, Mnazi Mmoja mkiwa Unguja mjini.

Ami hakwei tena. Anakaa barazani, na chai tunamtilia nusu kikombe, mara mbili.