Gbegiri: mchuzi wa kunde wa Wayoruba wa Nigeria

Gbegiri nzuri huanzia kwenye kumenya. Kunde zikibaki na maganda, mchuzi hutoka na madoa na chenga, hata ukiupekecha vipi.

Loweka kikombe 1 cha kunde kavu kwa dakika 15 hivi. Zisugue kwa viganja ndani ya maji, mwaga maganda yanayoelea, kisha rudia hadi punje zibaki nyeupe. Kazi hii inachosha, lakini usiikatishe.

Chemsha kwa vikombe 4 vya maji, mfuniko ukiwa wazi kidogo kwa sababu povu hupanda na kumwagika. Baada ya dakika 45 hadi saa moja, punje ipondeke ukiibana kwa vidole viwili bila nguvu. Maji yakipungua, ongeza ya moto. Pekecha kwa ijabe, kifagio kifupi cha jikoni cha Wayoruba, au tumia mwiko kisha uchuje.

Rudisha motoni utie vijiko 3 vikubwa vya mawese, pilipili ya kusaga, chumvi, uduvi mkavu uliotwangwa, samaki wa moshi aliyetolewa miiba na kijiko 1 cha iru, zile mbegu zilizochachushwa zenye harufu kali. Iru ndiyo roho ya ladha hii, usiiache. Koroga kwa dakika 10 moto ukiwa mdogo. Ikishika chini, hamishia ya juu kwenye sufuria nyingine bila kukwangua. Epua ikiwa bado nyepesi kidogo, maana ikipoa hukaza.

Kwa kawaida gbegiri huenda pamoja na ewedu, yaani mlenda: majani bila vikonyo, yachemshwe kama dakika 10 katika maji machache yenye magadi kidogo sana, kisha yapekechwe kwa ijabe hadi yavutike. Magadi yakizidi, ladha inakuwa ya sabuni.

Viwili hivi humwagwa juu ya amala, ugali mweusi wa unga wa viazi vikuu vilivyokaushwa, kisha huongezwa mchuzi mwekundu wa pilipili na nyama. Hiyo ndiyo abula, fahari ya miji ya Ibadan na Oyo. Katika mapokeo, amala na gbegiri ni chakula cha Sango, mungu wa radi anayekumbukwa pia kuwa mfalme wa Oyo.

Gbegiri huchacha upesi. Ikibaki, ichemshe tena usiku huohuo, na kesho uilegeze kwa maji ya moto.