Jifunze Verilog kwa Tangi la Maji

Vijana wanaokuja kwenye kibanda changu hapa Kondele, Kisumu, kujifunza saketi za dijitali huanza kwa kuuliza wanunue bodi gani ya FPGA, yaani chipu ambayo saketi yake unaipanga mwenyewe. Nawaambia wangoje. Verilog, lugha ya kuelezea saketi kwa maandishi, inajifunzwa vizuri kwenye laptopu yoyote inayowaka, hata ya mtumba, na betri ikiwa nzima kazi inaendelea stima ikipotea. Kwenye Ubuntu andika:

sudo apt install iverilog gtkwave

Programu ya kwanza inaigiza saketi yako, ya pili inakuchorea mawimbi yake. Zote ni za bure.

Wengine watakwambia uanze na VHDL, lugha nyingine ya aina hiyo, iliyoagizwa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani na kuwa kiwango cha IEEE, shirika la wahandisi wa umeme na elektroniki, mwaka 1987. Ni lugha nzuri. Mimi nafundisha Verilog, iliyopata kiwango chake mwaka 1995, kwa sababu maneno yake ni machache na mwanafunzi anafika kwenye saketi mapema.

Sasa funga laptopu, uchukue karatasi. Hapa ndipo mambo huamuliwa. Anayetoka kwenye lugha ya programu kama Python huona mistari ya Verilog akadhani inatekelezwa mmoja baada ya mwingine. Sivyo. Kila unachoandika ni waya au lango (kipande cha saketi kinachotoa 0 au 1) lililopo muda wote, na vyote vinafanya kazi kwa pamoja. Kama huwezi kuuchora mstari wako kwa penseli, usiuandike.

Chukua tangi la juu ya nyumba lenye pampu chini. Lina maboya mawili (swichi zinazoelea): la chini na la juu, kila moja likitoa 1 likifikiwa na maji. Andika hali zote nne. Yote 0: tangi tupu, washa pampu. Yote 1: limejaa, zima. La juu 1 na la chini 0: haiwezekani, kuna boya limekwama au waya umekatika, zima na utoe onyo. La chini 1 na la juu 0: hapo maboya hayatoshi kujibu. Maji yakipanda, pampu iendelee. Yakishuka, ibaki imezimwa. Saketi lazima ikumbuke ilichokuwa ikifanya, na kukumbuka ni kazi ya flipflopu, saketi ndogo inayohifadhi biti moja.

module tangi(input saa, futa, chini, juu,
             output reg pampu, output kosa);
  assign kosa = juu & ~chini;
  always @(posedge saa)
    if (futa) pampu <= 0;
    else if (juu) pampu <= 0;
    else if (!chini) pampu <= 1;
endmodule

Majina ya waya ni yako, yaandike kwa lugha unayowazia. Hapa saa ni mpigo unaoendesha flipflopu, na futa inairudisha pampu kwenye 0.

Mstari wa assign ni lango la AND na kigeuzi, basi. Kinachofuata always kinabadilika tu mpigo wa saa unapopanda. Tazama kwamba hakuna else ya mwisho: nimeiacha makusudi, maana yake pampu ibaki ilivyo. Lakini ukiiacha hivyo ndani ya always @(*), isiyo na saa, utapata lachi, kumbukumbu isiyofuata saa, ambayo hukuiomba, na lachi ya namna hiyo husumbua sana kutafuta. Ndani ya always yenye saa tumia <= daima.

Hifadhi moduli hii kwenye faili tangi.v, kisha andika faili ya pili, jaribio.v, inayoiita. Mpigo unautengeneza kwa saa = 0 mwanzoni, kisha always #5 saa = ~saa. Weka $dumpfile("tangi.vcd") na $dumpvars ili mawimbi yahifadhiwe kwenye faili, pitisha maji kutoka tupu hadi kujaa na kurudi, umalize kwa $finish. Kisha:

iverilog -o tangi jaribio.v tangi.v
vvp tangi
gtkwave tangi.vcd

Anza jaribio tangi likiwa nusu, bila kuwasha futa. Pampu itaonekana nyekundu, yaani x: haijulikani. Washa futa kwa mpigo mmoja na wekundu unaisha. Fanya hivyo kwa mikono yako, hutasahau kazi ya futa.

Mawimbi yakikubaliana na karatasi, sasa nunua bodi. Tang Nano 9K inatosha. Saa yake ni megahezi 27, kwa hiyo itaona kila mtikisiko wa maji kwenye boya. Kwanza pitisha kila boya kwenye flipflopu mbili zilizofuatana, kwa kuwa boya halijui saa yako na flipflopu ya kwanza inaweza kuyumba kati ya 0 na 1. Kisha hesabu: ukubali badiliko likidumu nusu sekunde, yaani mipigo 13,500,000. Kihesabio cha biti 24 kinafika 16,777,215, kinatosha.

Boya la juu tumia swichi inayofunguka maji yakifika, na rezista ya kuvuta pini kwenda 1. Waya ukikatika, saketi itadhani tangi limejaa na kuzima pampu, badala ya kumwaga maji usiku kucha. Pini ya bodi isiguse relei (swichi ya umeme inayowasha pampu) moja kwa moja. Weka transista katikati, na dayodi ya kinyume kwenye koili ya relei. Upande wa volti 240 mwachie fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya.